Pikipiki Yetu Haivuji, Inatoa Jasho Tu

Mwanangu Ezekia,

Barua hii naiandika wazi kwa sababu sijui niitume wapi. Simu yako iliacha kupatikana mahindi yakiwa magotini, na sasa tumeshayavuna na kuyapukuchua. Aliyeko Makongolosi, au kwenye kambi za porini zilizo mbele yake, akimwona kijana mrefu mwenye kovu linalokata kidole gumba cha kulia, namwomba amsomee. Asipomwona, basi aisome mwenyewe na anivumilie. Nimefundisha fizikia hadi nikastaafu, na kueleza jambo kwa kifupi sijawahi kujifunza.

Tangi la pikipiki yetu limelala kitandani kwako, limefunikwa blanketi lako. Nitakueleza lilifikaje huko, ila niache nianzie Iringa.

Unakumbuka tulikwenda Kihesa kwenye harusi ya binti wa mjomba wako, tukarudi nyumbani na pikipiki. Muuzaji alikuwa mwinjilisti mzee, ambaye kila tulipotaka kumuuliza swali gumu alitusalimu upya, "Kamwene, kamwene," kana kwamba ndiyo kwanza tumefika. Wewe ulichuchumaa, ukapitisha kidole chini ya tangi, ukakinusa.

"Babu, mbona hii inavuja?"

"Haivuji, mjukuu wangu. Inatoa jasho tu. Wewe ukipanda mlima hutoi jasho?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye nyasi. Tukaichukua. Injini yake ilikuwa nzima, na moyo wako ulikuwa umeshaipanda kabla yetu.

Mafinga tulipita salama. Tulipokaribia Makambako harufu ya petroli ikawa kali, nikakuambia simama, maana tone la petroli likiangukia injini yenye moto halikupi nafasi ya kujifunza mara ya pili. Ule upepo wa Makambako ulikuwa unakata masikio. Ukaingia dukani ukaomba sabuni.

"Ya kufulia au ya kuogea?" mama mwenye duka akauliza.

"Ya kuziba pikipiki, mama."

"Basi chukua hii ya mche. Ya kuogea ina marashi, na pikipiki yenyewe naona haiendi harusini."

"Ndiko inakotoka, mama!"

Pale kando ya barabara nikaanza kukueleza kwamba petroli haiyeyushi sabuni, kwamba kinachoiyeyusha ni maji, na kwamba kwa hiyo dawa ile ingefanya kazi vizuri mpaka siku ya mvua. Ulikuwa umelala chali chini ya tangi, unaikandamiza sabuni kwenye ufa kwa kidole gumba. Ukasema, "Mzee, darasa limekwisha, nipe kitambaa." Tukafika Mbeya bila tone kuanguka. Tangu siku hiyo, chochote kilichoharibika nyumbani kwetu, bomba, paa, goti langu, mama yako alisema hakivuji, kinatoa jasho tu.

Ualimu ulimaliza, ajira ukaingoja. Ulipochoka kungoja, ukasema unakwenda Makongolosi kujaribu dhahabu kwa msimu mmoja. Asubuhi uliyoondoka ulitoa sabuni ya zamani chini ya tangi ukabandika mpya, ukaisukuma kwa kidole gumba kama kawaida yako. "Nikirudi tutalipeleka likachomelewe vizuri," uliniambia. "Usiiguse, mzee." Nikamwaga mafuta, nikaifunika pikipiki kwa turubai bandani, wala sikuigusa. Sabuni ilikauka ikawa ngumu kama mfupa.

Wiki iliyopita alikuja mfanyabiashara wa mchele kutoka Madibira, ambaye huuza mpaka kwenye kambi hizo. Mama yako huuliza habari zako kwa kila mtu, hata kwa anayeuza mchicha. Yule bwana akafikiri kidogo, akasema, "Kuna kijana kule wanamwita Jasho. Amekonda, anakohoa. Jioni huwachekesha wenzake, eti kwao kuna pikipiki isiyovuja, inatoa jasho tu."

Mama yako alishika nguzo ya kibaraza. Mimi nilidhani ni furaha, mpaka nilipoona yule bwana hatutazami tena usoni.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilishaondoka kule. Lakini nimepigiwa simu kwamba duara moja upande ule limetitia na watu wakiwa ndani. Waliotolewa wengine hawana majina. Kule kila mtu ni jina la utani."

Duara, kwa msomaji asiyejua, ni shimo la kuchimbia dhahabu. Nalieleza neno hilo kwa utulivu hapa. Siku ile sikuweza kulitamka.

Tumeuliza kila tulikoweza kuuliza. Wanatujibu tusubiri, taarifa italetwa. Basi la Makongolosi lipo, nalijua, lakini linaishia mjini, na kambi zimetawanyika porini, nyingine hazina hata jina. Nitakwenda na pikipiki, niingie moja baada ya nyingine. Mama yako aliposema kule vijana wa bodaboda wamejaa, nimkodi mmoja, nilimjibu kwamba bodaboda hazina mlio wa yetu. Ekzosi yake ina ule ufa wenye mlio kama wa mtu anayekohoa na kucheka kwa pamoja. Ukiwa umelala mahali, mgonjwa, ukausikia, utajua. Hoja hiyo haina fizikia yoyote ndani yake. Ndiyo niliyobaki nayo.

Basi nikatia mafuta. Nusu ya tangi haijajaa, petroli ikaanza kupenya pembeni ya sabuni yako na kutiririka juu ya injini. Mama yako akatoka jikoni na kipande kingine cha sabuni mkononi.

"Paka hii, Baba Eze, uende."

"Njia ya Chunya kule juu ni ukungu mtupu, Mama Eze. Unyevu ule utailainisha."

"Utapaka nyingine."

"Nikiwa peke yangu porini, injini ina moto?"

"Mtoto anakohoa huko, wewe unanifundisha sabuni!"

Nilifungua bolti, nikalitoa tangi, nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea hapo barabarani. Aliligeuza-geuza akasema, "Mwalimu, hili ni la kumwagilia mboga." Kisha akawasha mashine yake alichomelee palepale. Nikalinyakua. Tangi lililokuwa na petroli, hata likiwa tupu, lina mvuke ndani, na mvuke huo ndio unaolipuka. Lazima lioshwe na kuachwa wazi mpaka harufu iishe kabisa, na hata hapo bado kuna hatari. Kungoja hivyo siwezi. Nikaamua kutumia gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa.

Lakini kwanza ilibidi niing'oe sabuni yako.

Nililiweka tangi mapajani, nikalipindua, na hapo ndipo nilipoiona alama. Kidole chako gumba kilikuwa kimekaa pale chote, mistari yake imezunguka vizuri, na katikati ule mkato wa kovu, ulipokatwa na bati ukiwa darasa la tatu. Nilikaa nayo jua likasogea hadi upande wa pili wa uwanja. Mama yako alikuja kunihimiza, akaona ninachokitazama, akakaa chini kando yangu.

Niliikata kwa wembe, polepole, kipande kizima. Haikuvunjika. Nikaifunga kwenye leso safi.

Kisha nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafuta, nikachanganya gundi, nikapaka. Karatasi yake inasema itakauka kwa muda wa saa chache. Karatasi hiyo iliandikwa na mtu asiyeijua baridi ya hapa kwetu Uyole mwezi huu. Jua lilitua, gundi bado inanata kama asali. Mama yako alilibeba tangi kulisogeza kwenye jiko la mkaa nikapiga kelele, nikamweleza tena habari za mvuke, naye akalia kwa mara ya kwanza tangu yule bwana aondoke. Akaenda kuchemsha maji mlemle jikoni, akayatia kwenye vidumu, akavipanga kitandani kwako, akalilaza tangi katikati, kidonda kikiangalia juu, akalifunika. Kila vidumu vinapopoa anabadilisha maji. Alikuuguza vivyo hivyo ulipokuwa na nimonia.

Aliniuliza ile sabuni naihifadhia nini. Mimi ninayeeleza kila kitu, nilimwambia ni kumbukumbu tu. Sasa ataisoma hapa na atajua. Ezekia, yawezekana huko wakanifunulia turubai wakaniuliza, je, ni huyu? Yawezekana uso usiniambie kitu. Siku hiyo sitayaamini macho yangu, wala kumbukumbu yangu. Nitashika mkono nitakaoonyeshwa, nitaulinganisha na sabuni. Nimeomba usiku na mchana kwamba mistari isilingane. Naomba hivyo, na papo hapo najua kwamba mistari isipolingana, aliyelala pale ni mtoto wa mwingine.

Nimeigusa gundi sasa hivi. Bado inaacha alama ya kidole, changu safari hii. Mama yako amekwenda kuongeza maji ya moto. Ikishika nitatia petroli, nitaweka gazeti kavu chini ya tangi, na gazeti likibaki kavu nitaondoka.

Popote ulipo, ukisikia kitu kinakohoa na kucheka njiani, usijaribu kuinuka kama huna nguvu. Ita tu. Nitazima injini kila penye kibanda, nisikilize.

Mimi baba yako,
ambaye safari hii amegusa.