Darasa Lisilo na Nguzo

Samar, 3 Juni

Mwanangu Crisanto,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila goti langu mvua ikikaribia halinipi raha. Wewe je? Huko kiwandani unakula chakula cha maana au tambi za pakiti tu? Simu usihangaike kupiga, mnara bado umelala chini tangu ile tufani.

Binti yako Belen anasomea hemani. Ikifika mchana wanaiva mle kama wali. Diwani ameahidi madarasa yanayoletwa na lori yakiwa yameshaundwa. Si ndiyo kazi yako hiyo?

Novemba marehemu mkeo anatimiza mwaka, tutavua nguo nyeusi za msiba. Belen kila asubuhi anabandika kipini chake cheusi cha msiba kifuani kabla hata ya kuchana nywele. Anauliza kama utakuja. Nimjibu nini?

Mama yako


Laguna, 20 Agosti

Mama,

Naomba baraka zako. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi mzima, na ninakula.

Hapa nakaza bolti. Ukuta, ukuta, paa, halafu linakuja jingine. Wenzangu wananisifu kwa bidii. Si bidii, Mama. Mkono ukiwa na kazi, kichwa kinanyamaza. Sisikii kitu, hata huzuni siisikii.

Mke wangu Amparo alikuwa akiwatoa watu waliokimbilia shuleni siku ya tufani, ukuta ukamlalia. Nikiukanyaga uwanja ule sijui nitakuwaje. Novemba kazi ni nyingi. Mwambie Belen nitajitahidi.

Mwanao


Samar, 9 Novemba

Crisanto,

Hatujambo. Goti ni lilelile.

Madarasa yalifika wiki iliyopita, mawili, yakawekwa palepale alipofia Amparo. Wazee walileta kuku wamwage damu kwenye nguzo, kama desturi ya kubariki jengo jipya. Wakazunguka weee, nguzo hawazioni. "Nyumba gani hii haina miguu?" akauliza mzee Ponso. Mwishowe wakaimwaga kwenye bolti, na fundi mmoja akapiga magoti kuifuta isilete kutu. Kofia ngumu kichwani, kitambaa usoni. Wenzake walipokula kivulini, yeye alikula peke yake, ameupa uwanja mgongo.

Belen alimpelekea maji. Akarudi mbio: "Bibi, yule ni Baba!"

"Acha upuuzi," nikamwambia. "Baba yako yuko kiwandani."

Nimekuzaa mimi, Crisanto. Hata kwa mgongo nakujua. Kutoka pale hadi mlangoni kwetu ni kuvuka barabara tu. Nikakutengea chakula. Lori likaondoka.

Nilikasirika sana. Kisha hasira ikaniishia, nikabaki kukuonea huruma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jana ilikuwa misa ya mwaka. Sote tukavua nyeusi. Belen akakifunika kipini chake kwa kiganja.

"Mwaka umeisha, binti," padri akamwambia.

"Wa Mama umeisha," akajibu. "Wa Baba bado."

Barua hii usiijibu. Njoo.

Mama yako