Papa Zihindula Amekufa Mara ya Pili

Kambi ya Dzaleka, Dowa, Malawi
Tarehe 14 Agosti 2016

Mpendwa Kaka Fabien,

Jambo sana! Habari ya huko kwenye baridi? Mgongo umepoa? Sisi tuko, Mungu anatulinda. Mama anakula vizuri na anagombana na kila mtu, basi ujue ni mzima.

Barua yako ilifika. Unasema umefungia kamera kwenye sanduku, unaacha filamu, eti miaka yote ile ulikuwa unacheza tu wakati wenzako wanajenga maisha. Nilikasirika! Nikasema sijibu. Lakini kumetokea jambo, lazima ulijue.

Papa Zihindula ametuacha, Jumanne. Pole sana, Kaka. Katika kila komedi yako alikuwa baba mkwe, na kwako alikuwa baba kweli.

Unakumbuka mwaka 2007? Ulikuwa unapiga video za arusi kule mjini, Area 18, ukatujia na kamera ya kuazima. Ukamlaza Papa kwenye mkeka awe maiti, ukatuambia tulie kwa nguvu. We mwongozaji, we mtayarishaji, we mshika taa. Tulilia vizuri mno! Majirani wakasikia, wakaja na kuni na unga, maana msiba hauna mwaliko. Bamama wa kwaya wakaanza nyimbo. Nani angewafukuza? Na we, kichwa ngumu, ukaendelea kupiga picha tu! Mwishowe Papa alichoka kufa, njaa ikamuuma, akaketi, akauliza, "Nsima iko wapi?" Mchungaji Melchior, aliyekuja kuombea maiti, alikimbia kwa kupitia dirishani.

Filamu ile ilifika mpaka Kanengo. Wapakia tumbaku wa kule hawakujua Kiswahili, lakini walishika mbavu. Aa, siku zile! Tulikuwa na njaa na tulikuwa na raha. Ninazitamani sana.

Sasa sikia. Juzi, kabla ya kuzika, mjane wake, Mama Antoinette, aliomba tuonyeshe filamu hiyohiyo. Wazee walikataa. Akawaambia, "Bwana yangu njo huyo wa kwenye filamu, mi nataka kumuona." Tukaleta televisheni, bantu wakajaa mpaka barabarani. Tulicheka, Kaka, huku tunalia. Ikafika pale anapoketi na kuomba nsima. Hakuna aliyecheka. Wote tuligeukia jeneza.

Mama Antoinette akainuka, akaenda jikoni, akapakua sahani ya nsima, akaiweka karibu na jeneza. Ilikaa pale mpaka tulipotoka kwenda makaburini.

Hatuna sauti ya Papa mahali pengine popote, ila kwenye filamu zako. Usiniambie tena kwamba ulikuwa unacheza.

Waigizaji wako Noël na Lucie wanakusalimu, batoto wa Orpa pia. Mungu akurudishie kicheko.

Unasema Desemba utakuja kutuona. Njoo na kamera. Mama amesema sehemu ya kuigiza maiti sasa ni yake, ila yeye ataomba bugali ya kwetu na samaki wa Kivu, nsima ya huku imemchosha. Usichelewe, Kaka.

Dada yako akupendaye, yule aliyelia mno,
Shukrani