Kisanduku Kimoja kwenye Fomu ya Wilf

14 Chapel Row,
Cragden,
Uingereza.
3 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Desmond,

Naomba barua hii ikukute umeketi na umekula. Kifua chako kinaendeleaje? Na mguu wa wifi Noreen, bado anauburuta au ameshatupa ile fimbo? Huku tupo. Mvua haijakata tangu Krismasi, na goti langu linanikumbusha kila asubuhi kwamba nimetimiza sitini na moja. Siumwi zaidi ya hapo.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali, nikakukatia kwa kusingizia kwamba mlango unagongwa. Hakukuwa na mtu mlangoni, Desmond. Uliuliza imekuwaje mtoto alale hospitali siku tisa, maili ishirini tu kutoka kwangu, na mimi karani wa polisi, halafu tumpate siku mbili baada ya kufa. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nimejaribu nikashindwa.

Najua wewe hadi leo unamwita Rosalind. Mlipohamia Tasmania alikuwa na miaka kumi na sita, akagoma kuondoka, ukaniachia. Mwaka uliofuata akatuambia kwamba yeye ni mwanaume, akachukua jina la baba yetu. Wewe ukasema utamwita jina ulilompa wewe, basi. Sikulaumu, na sina nguvu za kugombana tena. Nataka tu ujue kwamba ndani ya nyumba hii alikuwa Wilf kwa miaka minane, mpaka paka alikuwa akiitikia sauti yake kuliko yangu.

Aliondoka Jumatatu asubuhi kwa baiskeli, kuvuka milima kwenda kuonana na fundi wa piano aliyemwahidi kazi. Alikula mkate wa kuchoma amesimama. Akanitazama miguuni, akaniuliza viatu vile nimemvua marehemu gani. Nikamrushia taulo la jikoni. Huko ndiko kuagana kwetu.

Hakurudi, simu yake haikupatikana, na yule fundi wa piano akasema hakumwona. Jumanne nikaenda kaunta ya kituo chetu wenyewe kuripoti. Alikuwepo Sajenti Tattersall, mtu niliyekunywa naye chai miaka ishirini na anayemfahamu Wilf tangu akiwa na nywele ndefu. Akajaza fomu ya mtu aliyepotea: jina, umri, baiskeli rangi gani. Alipofika kwenye jinsia kalamu ikasimama.

Akaniuliza, “Glenys, hapa niandike nini?”

“Andika alivyo. Me.”

“Una hakika? Unajua hii inaingia kwenye mtambo.”

“Tattersall, mtoto ni wangu. Andika.”

Akaandika. Sikufichi, nilitoka pale kifua mbele. Nilijiona nimemtetea mbele ya serikali nzima.

Sasa nikueleze kazi yetu inavyokwenda, maana hapo ndipo mtoto alipopotelea. Kwetu, mtu anaandikwa kama anavyojieleza mwenyewe, au kama watu wake wanavyosema. Ndivyo ilivyo sasa hivi. Kwa miaka sita wakubwa wamebadilisha maagizo mara tatu, na kila tangazo jipya linabandikwa juu ya la zamani pale ukutani. Parveen, ninayekaa naye meza moja, husema kituo hiki kinajua baiskeli iliyoibwa ina breki za rangi gani, ila mwenye baiskeli ni nani, subiri tangazo la nne. Ng'ambo ya milima ni polisi wengine, na wao wana utaratibu wao. Mtu asiyejulikana, asiyeweza kusema, wanamwandika kama daktari alivyomwona mwilini. Kule hakuna aliyekosea, na kwetu hakuna aliyekosea. Ukitafuta wa kumlaani hapo, humpati.

Ile Jumatatu gari lilimgonga kwenye kona, akarushwa bondeni. Mkoba wake wenye simu na kitambulisho ulichukuliwa na maji. Uso ulivimba, nywele wakazinyoa ili wamshone. Kwenye mtambo wa kompyuta, ule tunaoutumia polisi wa pande zote mbili, akaingizwa: mwanamke, hajulikani, umri kati ya ishirini na thelathini. Sisi huku tunatafuta mwanaume. Karatasi mbili za mtu mmoja zimelala ndani ya mtambo mmoja, hazikutani.

Na kile kisanduku hakiachwi wazi. Ukikiacha, kompyuta haikuruhusu kwenda mbele. Desmond, miaka ishirini na miwili mimi ndiye ninayewafundisha makarani wageni. Nawaambia askari akisahau kuweka jinsia, tazama jina, jaza, songa mbele, kazi imerundikana. Susan weka Ke, Trevor weka Me. Ilikuwa sekunde moja tu. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anayesubiri upande wa pili wa ile sekunde.

Siku ya nne nikaanza kushuku. Nikamfuata Tattersall, nikamwomba watafute na upande wa Ke. Akasema alishawaza hilo mwenyewe, amekwishauliza. Ofisi inayolinganisha majina ilimjibu kwamba wanatafuta kwa mujibu wa fomu, na fomu haibadilishwi mpaka mtoa taarifa atie sahihi kwamba alichosema mwanzo hakikuwa sahihi. Akanisogezea karatasi. Nitie sahihi kwamba Wilf si mwanaume.  Nikamwambia nitafikiria.

Nilifikiria nini? Nilifikiria atafungua mlango Jumamosi, halafu siku moja aione ile karatasi yenye mwandiko wangu. Mtoto alikwishakataliwa vya kutosha. Samahani, sikusudii kukuchoma. Nasema nilivyowaza.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo ilikuwa mezani kwangu. Mtambo wote ninao mbele ya macho kutwa nzima. Lakini kwetu sheria ya kwanza ni kwamba humtafuti ndugu yako humo. Kila unachobonyeza kinabaki na jina lako. Nimeshuhudia mwenzetu akifukuzwa na kufikishwa mahakamani kwa kumchungulia mume aliyemkimbia. Mimi nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Kwa hiyo niliketi pale kila siku nikaingiza magari yaliyoibwa na madirisha yaliyovunjwa, mikono juu ya kibodi, na mtoto wetu yumo humo ndani. Parveen alikuwa akiniletea chai, inapoa, anaiondoa, analeta nyingine. 

Ijumaa ya siku ya kumi na moja nilifika kabla ya wenzangu. Nikaandika umri, nikaandika ajali, nikabadilisha kile kisanduku. Kompyuta haikufikiri hata kidogo, ikanipa jibu moja tu. Mwanamke, hajulikani, mwendesha baiskeli. Kovu la kuungua mkono wa kushoto, lile alilolipata kwenye jiko langu akiwa na miaka kumi. Chini yake tarehe ya kufariki, juzi yake.

Ungeripoti wewe, Desmond, ungesema binti yangu, na wangempata siku ya pili. Hilo nalijua, na nimeamua ulisikie kwangu kuliko kulifikia mwenyewe. Sisemi ulikuwa sahihi. Hata leo ningeulizwa ni nani, ningejibu vilevile. Ndiyo maana silali.

Nimesimamishwa kazi. Tattersall ndiye aliyetumwa kunichukulia kitambulisho, akashindwa kukifungua kwenye mkufu, nikamsaidia. Wana haki. Kwenye jiwe la kaburi nimesubiri neno lako, sijaandikisha chochote. Nimechoka kujaza nafasi za watu.

Msalimie sana Noreen, na umwambie blanketi alilomfumia mtoto tulimfunika nalo. Wasalimie wale mapacha wenu, na mzee Horace jirani yenu anayekunywa chai yako yote. Mungu akushike pale nisipoweza kukushika mimi, akupe usingizi. Salamu nimezitanguliza kwa sababu nikishaandika hili lililobaki, sitaweza kuandika jingine.

Nilipokwenda kumtambua nilikutana na nesi mmoja, Aileen, aliyekuwa naye mwanzo hadi mwisho. Aliniambia siku ya tatu Wilf alifumbua macho, kama nusu saa hivi. Nesi akamwuliza jina, ulimi ukawa mzito, halikutoka. Akamtuliza, akamwambia asihangaike, polisi wanawatafuta watu wake. Anasema hapo alitabasamu, na maneno yakatoka sawasawa: “Shangazi yangu yuko polisi. Atanipata tu.” Kisha akalala, hakuamka tena.

Nesi alidhani anaweweseka. Hakuliandika popote.

Dada yako akupendaye,
Glenys