Posa na Silinda ya Pili

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Makomredi! — Nimeandika hivyo kwa mazoea. Chuo kimefungwa, nipo chumbani kwetu Cheyo, na umma uliohudhuria ni chandarua. Hata hivyo mapambano hayana likizo.

Hali ilivyo: Festo, fundi magari, anataka kumwoa dada yangu Agnetha. Posa imeletwa, haijajibiwa. Baba alitaka kwanza kuona kazi ya mikono ya kijana, akampa pikapu yetu abadilishe gasketi ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Gari limerudi juzi. Leo asubuhi limewashwa: likakohoa, likatoa moshi mweupe, mzito, hadi kwa jirani yetu, Mama Kuluthumu. Akauliza kupitia dirishani kama tumechagua Papa mwingine.

Baba akatamka hukumu: gasketi imevuja. Mtu asiyeweza kuzuia maji yasiingie kwenye injini, nyumbani atazuia nini? Mikono ile isiliguse gari lake tena. Jumapili mshenga aje aichukue posa yake.

Agnetha hakulia. Aliendelea kupiga pasi kola ileile.

Hukumu bila ushahidi! Miaka mitatu nimeusoma udikteta vitabuni, kumbe makao yake makuu ni sebuleni kwetu.

Jumanne, 12 Agosti

Uchunguzi umeanza. Mikono ni yangu; yangu haikukatazwa. Festo amesimama barabarani, nje ya ua wa minyaa, ananielekeza kwa sauti ya chini, utadhani tunapanga mapinduzi.

Maji ya rejeta yamepungua, lakini chini ya gari pakavu. Oili safi, haijawa chai ya maziwa. Nikafungua plagi. Tatu nyeusi. Ya silinda ya pili imeoshwa, inang'aa kama kikombe cha wageni.

— Shemeji, maji yanaingia humo, akasema Festo.

— Gasketi?

— Gasketi, au hedi yenyewe imepasuka. Usiseme bado.

Nilisema. Nilisema kwa kirefu, juu ya haki ya mtuhumiwa kusikilizwa. Mama alitoka jikoni, akasikiliza hadi mwisho wa hoja ya kwanza.

— Gaudensia, shuka kwenye tairi.

Alhamisi, 14 Agosti

Hedi ifunguliwe tena ili ukweli ujulikane. Ruhusa ni ya Baba. Lakini mkwe mtarajiwa habishani na baba mkwe uso kwa uso; kila neno hupitia kwa mshenga. Kwa hiyo Mzee Mahona ameshinda akitembea kati ya kibaraza na barabara, na fimbo yake.

— Kijana anaomba amvue mgonjwa kofia.

— Mwambie alimvika vibaya.

Mzee akaenda. Akarudi.

— Anasema ndiyo, baba.

Ndiyo, baba! Nikamwamkia Mzee Mahona shikamoo, nikamwomba aeleze mbele yetu sote kijana aliomba nini mwezi uliopita, kabla hajafunga gasketi. Mzee akakohoa. Akasema kijana aliomba hedi ikapimwe kwanza, maana gari lilikuwa limechemka. Baba akajibu hedi haina neno, lilichemka kidogo tu. Kijana akasema ndiyo, baba. Akaifunga kama ilivyo.

Kidogo! Mimi nilikuwemo. Tulitoka Bukene kwa shangazi, mshale wa joto ukapanda kwenye nyekundu, ukabaki huko. Mama alisali rozari, mimi nilihutubia. Baba hakusimama. Alisema mwanamume akisimamisha gari porini, kila apitaye atamwuliza limekuwaje.

Nikasema: Baba, Bukene.

— Bukene imefanya nini?

Mama akatoa rozari mfukoni.

— Fungua wewe, akasema. Yeye abaki hukohuko.

Ijumaa, 15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria

Baba yupo misani. Hedi imetoka, Mzee Mahona alinishikia spana kwa heshima, kana kwamba ni sehemu ya mahari. Gasketi nikampitishia Festo juu ya minyaa, ndani ya sinia. Akaigeuza mara nyingi. Haijaungua, haina njia ya maji popote. Gasketi haina hatia!

Ikabaki hedi. Kwa maelekezo yake nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta ikakauka, nikaisugulia unga wa chaki. Mama alifundisha shule ya msingi, chaki haikosekani. Tukasubiri. Katikati ya valvu za silinda ya pili ukajichora mstari, mwembamba kama unywele, ukilowesha chaki taratibu.

Ufa. Joto la Bukene.

Agnetha akatoka ndani kwa mara ya kwanza wiki hii. Akainama.

— Kumbe ni huu tu.

Nani atamwambia Baba? Mzee Mahona alisema yeye hupeleka maneno ya kijana, na kijana hajasema kitu. Ndipo kijana akasema, kutoka barabarani: Mzee, mwambie baba nilikosea kufunga. Bora niwe fundi mbaya kuliko mkwe aliyemwaibisha mzee wa watu.

— Shemeji, huo ni usaliti wa tabaka!

— Tabaka lipi, shemeji? Mimi namtaka Agnetha.

Agnetha alikuwa bado anautazama ufa. Hakupaza sauti.

— Festo, leo ukibeba kosa lisilo lako, tukiwa na watoto utabeba mangapi? Ukilisema hilo Jumapili, posa nitairudisha mimi.

Minyaa ikatikisika. Festo aliondoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Hedi ipo mezani, kibarazani, imefunikwa kitambaa. Asubuhi Baba alikifunua. Akavaa miwani. Akapitisha kidole gumba juu ya mstari, akaangalia chaki kidoleni. Akamwuliza Mama chaki hii ya nani.

— Yangu.

Akafunika. Akanywa chai yote.

Kisha akasema Mahona aje kesho, na kijana aje naye. Apite mlangoni, aingie. Mahona akauliza: aje kuichukua posa au kupokea jibu? Baba akasema aje.

Festo ametuma ujumbe kwa simu ya Mama: anawaza. Hakuandika anawaza nini.

Nilikuwa na hotuba tayari, sehemu nne na hitimisho. Agnetha ameniomba ninyamaze. Amemwambia Baba kwamba atazungumza yeye, na azungumze wa kwanza, kabla ya mshenga, kabla ya wanaume wote. Baba hajakubali. Hajakataa.

Kikao: kesho, Jumapili, saa nane mchana, sebuleni.