Golikipa wa Mpira wa Yai

Bawshar, Maskat

Kakaangu Humam,

Assalaam aleikum. Vipi hali yako huko Perth, na wifi yangu na tumbo lake? Mwambie asinyanyue vitu vizito, hata akijiona ana nguvu. Sisi hatujambo. Mama analalamikia mgongo, lakini ulimi wake hauna maradhi, alhamdulillah.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba Baba asije huko mtoto akizaliwa. Umesema hajapata kujinyima chochote kwa ajili yako, basi na akae kwake. Sijamwambia. Nimeshindwa, kakaangu. Kila siku ananiuliza kama umejibu, na sanduku keshalifunga, halua ya wifi imo ndani.

Halafu kuna hadithi zake! Tangu apate khabari ya mimba, amerudi kuwa kijana wa chuo huko huko Perth. Anasema yeye ndiye Muomani wa kwanza katika timu yao ya ule mpira wa yai wa Kiastralia. Siku ya kwanza alikwenda kusimama katikati ya milingoti akatanua mikono, maana tangu utotoni alikuwa golikipa. Wenzake wakamwambia atoke, mchezo ule hauna golikipa. Akawajibu kuwa goli haliachwi wazi, ni aibu! Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini mpira ulipopigwa juu, aliruka akaudaka juu ya mabega ya watu. Akawa mdakaji wao misimu mitatu. Juzi katuonesha alivyokuwa akiruka, nusura aangushe taa ya sebuleni.

Nikamuuliza kwa nini aliacha, na timu ilikuwa imeshaingia fainali. Akasema goti, kama anavyotwambia siku zote, akaenda zake kusali. Mama akaguna, akaniuliza goti lipi. Huyo hajapata kuteguka hata kidole!

Kaka, keti kwanza. Mama kanambia kuwa wewe ulizaliwa huku Maskat wiki ya fainali ile, kabla ya siku zako. Baba akapiga simu kwa jirani, akamuomba Bibi asimruhusu mtu yeyote kukuadhinia, adhana ya mwanawe ataitoa mwenyewe. Babu akaghadhibika, akasema adhana haingoji ndege. Bibi akakukumbatia, hakukutoa, mpaka Baba alipoingia mlangoni. Akainama kwenye sikio lako la kulia, na kilio kikamkata mara mbili katikati ya adhana.

Fainali ikachezwa bila yeye, wakafungwa. Aliporudi kumalizia masomo, timu haikumtaka tena. Hilo goti alilizua ili usije ukajiona wewe ndiye uliyemkosesha fainali.

Alimkataza Mama asiseme, na Mama kanikataza mimi. Nimesema. Nnakupenda, kaka, na nnampenda yeye, nami nimechoka kukaa katikati yenu.

Wifi msalimie sana, na umpe pole ya uzito. Mama anakuombea dua.

Mruhusu Baba aje. Na mtoto akimtangulia kufika, tafadhali msimuadhinie. Mngojeni babu yake.

Mdogo wako,
Fajr