Silifuti Neno la Bibi

Jumapili, Agosti. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa mwezi huu unaoingiza vumbi hadi ndani ya vikombe. Umeme haujarudi tangu juzi. Wanasema waya umeibwa huko chini karibu na robot, ndivyo tunavyoita taa za kuongozea magari huku Johannesburg. Nina hasira, na leo sitaki kujifanya sina.

Nianze na kazi ya shule, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Muhula huu mwalimu wetu wa lugha alitupa kazi niliyoipenda kuliko zote. Kila mmoja achague lugha ambayo wasemaji wake wamebaki wachache, aangalie wenyewe wanavyokusanya maneno yao, kisha naye akusanye maneno ya nyumbani kwake kwa namna hiyohiyo. Nilichagua lugha ya Waomaha na Waponka, mataifa mawili ya wenyeji wa Amerika. Wako Nebraska, na Waponka wengine wako Oklahoma. Simjui mtu yeyote kule. Niliwapenda kwa sababu ni mataifa mawili yenye lugha moja, na kila taifa lina ladha yake, kama Kiswahili cha hapa mtaani kwetu Rosettenville. Mkongo ana chake, Mrundi ana chake, sisi tuna chetu, na saluni moja inatutosha wote.

Nimewasikiliza wiki nyingi kwa spika za masikioni. Mzee anasema neno, ananyamaza, analirudia polepole. Ulimi wangu unashindwa sauti zao nyingi. Lakini kuna jambo moja nililielewa mara moja. Katika lugha hiyo mwanamke na mwanamume hawamalizi sentensi kwa namna moja. Hata kumwambia mtu njoo au kaa, mama ana mwisho wake na baba ana wake. Waliokusanya wameandika vyote viwili, na wakaeleza nani husema kipi.

Hakuna aliyechagua kimoja akakiita sahihi.

Kwa upande wangu nilimrekodi Bibi. Bibi ni mama yake mama, Mnyakyusa wa Tukuyu, amekaa nasi tangu mwaka jana kwa ajili ya matibabu ya macho yake. Mwisho wa Septemba anarudi nyumbani. Tulikaa jikoni, yeye na ndizi zake anazomenya, mimi na simu. Akanipa jiwe, mvua, jivu, mtoto wa mgongoni. Akanipa moto.

Orodha ilikwenda kwa mwalimu. Kwa kuwa yeye hajui Kinyakyusa, akampa kijana mmoja wa Mbeya anayesoma chuo Doornfontein aikague. Ijumaa ikarudi. Maneno yote yalikuwa na tiki, isipokuwa moto. Pale palikuwa na mstari mwekundu: "Hakuna neno hili. Weka neno sahihi."

Nikaona aibu. Nilidhani Bibi amesahau.

Jana nikamsomea. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Huyo kijana ni mzima. Neno lao analijua. Mimi ndiye siwezi kulisema."

Kumbe ni hivi. Jina la baba mkwe wake lilifanana na neno la moto. Kwao, mwanamke akishaolewa hatamki jina la mkwe wake, wala neno linalokaribiana nalo. Kwa hiyo siku alipoingia katika nyumba ile, akiwa msichana asiyenizidi sana umri, moto ukawa neno ambalo hawezi kuligusa, na chakula bado kilitakiwa kupikwa. Akajitengenezea neno lake. Maana yake ni kama "kile tunachokizunguka". Sitaliandika hapa. Bibi ameniomba kwamba anayelitaka alisikie kwanza kwa sauti yake.

Nikamwambia, "Bibi, basi sema lile lingine mara moja tu. Huyo mkwe mwenyewe alikwishakufa zamani."

Akaniangalia kama nimemwambia avue nguo sokoni.

"Kufa amekufa yeye, mke mwenza," alisema, kwa jina la utani analoniita. "Mimi bado ni mkwe wake."

Nikaikunja orodha.

Ijumaa ileile mwalimu alikuwa ameniita pembeni. Si mtu mbaya, ananipenda, ndiye aliyenifundisha kuandika aya isiyochosha. Alisema kazi zitakazopita zitachezwa kwenye vipaza sauti vya ukumbi wa Newtown, Siku ya Urithi mwezi Septemba, mbele ya wazazi wote. Yangu ni nzuri. Nibadilishe neno moja tu. Kazi yenye kosa haiwezi kupita, na Jumatatu ndiyo mwisho wa kurudisha.

Neno moja tu.

Nakiri nilitaka kulibadilisha. Bibi ameshashonewa kitenge cha siku hiyo. Mama ndiye aliyemshonea, kwa mashine yake mwenyewe, na Bibi amekijaribu mara nyingi kuliko anavyokubali. Nilitaka akae kiti cha mbele asikie sauti yake ikijaza ukumbi, kisha arudi Tukuyu akawahadithie. Ningeweza kumwomba yule kijana anirekodie moto kwa sauti yake. Nani angejua?

Mama alisema nifanye hivyo. "Mwanangu, andika wanalotaka upate nafasi. La Bibi tutabaki nalo nyumbani."

Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo.

Leo basi, kwa kuwa hakuna umeme, tumepika uani. Baba alitoboa ndoo ya rangi kitambo akatengeneza mbaula, jiko la huku, tukaweka mkaa. Gogo alikuja kutoka kanisani. Gogo ni mama yake baba, Mzulu. Alikimbilia Tanzania enzi za ubaguzi wa rangi, akamzaa baba Morogoro, ndiyo maana nyumba yetu inazungumza Kiswahili. Yeye na Bibi wakikaa pamoja hakuna mwingine anayepata nafasi ya kusema.

Nilimweleza kisa chote nikitarajia anionee huruma. Akapiga makofi.

"Eish! Mama Anna, kumbe na nyinyi mnahlonipha?"

"Ndiyo nini hiyo, Mama Themba?" aliuliza Bibi.

"Ndiyo hiyohiyo ya kukwepa jina la mkwe! Mama yangu mimi alikuwa haiti maziwa maziwa. Tulipokuwa watoto tulidhani ana ugonjwa."

"Sasa wewe kwa mkwe wako ulibadilisha neno gani?"

"Mimi? Mimi niliolewa uhamishoni, mkwe nilimwona kwenye picha. Nikalibeba jina lake nikalisema ninavyotaka."

"Ndiyo maana una mdomo hivyo."

Walicheka hadi Gogo akafuta machozi kwa ncha ya sare yake ya kanisani. Mimi nilikuwa nachochea mkaa, na sikucheka, kwa sababu ndipo nilipoanza kusikia.

Mama alitoka jikoni na sufuria ya maharage. Akaniambia, kwa Kinyakyusa kile cha haraka anachotumia akiwa na kazi, nisogeze moto. Akatumia neno la Bibi.

Baadaye Baba, aliyeamka baada ya zamu ya usiku, akauliza kama umebaki wa kuchemshia maji ya kuoga. Sentensi nzima ilikuwa ya Kiswahili isipokuwa neno moja, na neno hilo ni la Bibi. Gogo naye, ambaye Kinyakyusa chake hakijazi kiganja, akaomba kiti chake kisogezwe karibu na moto kwa neno hilohilo. Alilisema vibaya, na kila mtu alielewa.

Nikamuuliza Mama lini alijua kwamba wengine wanaita moto kwa neno lingine.

Alisimama na kijiko mkononi. "Nilipoanza shule," alisema. "Nilirudi nyumbani nikamwambia Bibi kwamba mwalimu hajui kuongea."

Kisha nikaona amesikia mwenyewe alichokisema. Hajaniambia tena nibadilishe.

Kwa hiyo naandika hapa, ili kesho nisije nikalegea mbele ya meza ya mwalimu.

Neno hilo lipo. Limepika chakula kilichomkuza mama yangu. Msichana mmoja alilitengeneza ili aweze kuishi kwa heshima katika nyumba ya watu, na alilitunza hata baada ya aliyeheshimiwa kuzikwa. Kama Waomaha na Waponka wameweza kuandika kwamba hivi ndivyo wanawake wanavyosema, nami naweza. Pembeni ya neno nitaandika: husemwa na mwanamke aliyeolewa katika nyumba hii, kwa heshima ya baba mkwe wake; husemwa pia na watoto na wajukuu zake. Neno la wengine sitaliweka juu yake wala chini yake. Yule kijana analo tayari, halijapotea.

Mwalimu akisema kazi haipiti, haipiti. Nimemwambia Bibi jioni hii kwamba huenda tusisikike Newtown. Nilidhani atasikitika kwa ajili ya kitenge.

"Nitakivaa hapahapa uani," alisema. "Mama Themba atapiga makofi, yule hana kazi nyingine."

Lakini bado natumaini. Mwalimu ndiye aliyetufundisha kuuliza neno ni la nani kabla ya kuuliza maana yake. Labda kesho atakumbuka kwamba tulimsikiliza.

Jua limeshuka nyuma ya maghala na baridi imeanza kuingia miguuni. Kesho ni Jumatatu, na orodha iko ndani ya begi, haijaguswa.

Bibi ananiita kutoka sebuleni. Miguu yake imepoa, anataka nimletee mbaula mlangoni. Ameuita moto kwa neno lake, na mimi nimemjibu kwa hilohilo. Naenda kumpelekea.