Maji Ndani ya Baragumu

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Niwie radhi kwa kunyamaza miezi mitatu; macho yalinisumbua. Marahaba. Hapa Likoni hatujambo, na nyanya yako amepona mguu.

Umeniomba nisikae safu ya mbele utakapopiga baragumu peke yako katika tamasha huko Nairobi, kwa kuwa ukiniona utatetemeka. Nami niliwahi kutetemeka hivyo.

Nilikuwa kijana katika okestra, kwenye tamasha la muziki la Pwani. Baragumu hujaa maji ya pumzi, na mpigaji huyamwaga kabla ya zamu yake. Lakini mbele yangu alikaa baba pamoja na mashekhe. Niliona ni utovu wa adabu kumwaga mate mbele yao, basi nikapuliza vivyo hivyo. Baragumu likakoroma. Okestra nzima ikasita.

"Wewe! Mwaga hayo maji!" baba akaita. "Tumekuja kusikiliza muziki, si mkoromo wa kiko cha maji!"

Mashekhe wakacheka. Nikamwaga, nikaanza upya. Hadi leo nastaajabu kwamba niliowaogopa zaidi ndio walioningoja.

Daktari ataamua Jumatatu kama naweza kusafiri hadi Nairobi. Akiniruhusu, nitakaa mbele, upende usipende. Akishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, inshallah.

Babu yako